Gereji ya wakala wa pikipiki, Malindi: kazi safi, taarifa ilichelewa
Mimi ni wa bodaboda, Malindi–Mambrui kila siku. Kwamba pikipiki zetu zimeitwa zirudishwe kwa wakala zitengenezwe, kwa sababu ya hitilafu ya pampu ya oili, niliambiwa na abiria. Duka lililoniuzia halikunipigia hata simu. Limeniuma sana. Injini ikikosa oili pistoni hukwama, nami hupita daraja la Sabaki na watoto wa shule.

Gerejini walikagua kwanza namba ya chesisi. Fundi akafungua injini, akaniwekea gia ya pampu kiganjani: meno mawili yamelika, na oili ina chembe zinazometa kama mchanga wa Mambrui. Akaweka pampu mpya, gasketi na oili, sikulipa hata shilingi. Siku mbili sikufanya kazi, lakini nimeridhika. Ahsante sana, kaka. Wenzangu wa stendi, namba iko kwenye shingo ya fremu, ipelekeni ikaguliwe.