Kitabu cha mitumba cha mashairi ya mapenzi, kwa jicho la mshenga

Nilikinunua Kampala, kwa muuzaji anayepanga vitabu vya mitumba kando ya barabara. Alitaka shilingi 20,000, tukamalizana kwa 12,000. Jalada limebandikwa utepe wa gundi na sehemu ya Shakespeare imechanwa karibu yote, kwa hiyo sehemu hiyo siihesabu. Nilimnunulia mpwa wangu wa S.5 (kidato cha tano), ila nikakisoma mimi kwanza. Mimi ni mshenga hapa Bombo, mwaka wa 19 sasa, na maneno ya kuombea mke ndiyo kazi yangu.

Uzuri wake ni mpangilio. Shairi la Christopher Marlowe, lililochapwa 1599 mwenyewe akiwa kaburini miaka sita, liko kushoto. Mchungaji anamwita msichana waishi pamoja: atampa kitanda cha mawaridi, gauni la sufu laini, viatu vyenye bizimu za dhahabu safi. Hapo nikasimama. Dhahabu ya wapi, na yeye anachunga kondoo? Kwenye posa wazee wangemuuliza kabla chai haijapoa. Kulia kuna jibu la msichana, linalohesabiwa kuwa la Walter Raleigh, nalo linauliza hasa hilo. Anavishika vitu alivyoahidiwa, kimoja kimoja, kwa mizani ileile ya shairi la mchungaji: maua yatanyauka, gauni litachakaa, viatu vitakatika. Angekubali, anasema, kama ujana ungedumu na kila mchungaji angekuwa na ulimi wa kweli. Nimelisoma mara nne. Nimewasikia mashangazi wengi wakijibu hivyo, kwa upole, bila kumvunjia mtu heshima.

John Donne ni fundi wa hoja. Katika shairi lake, kiroboto amemuuma yeye, akamuuma na msichana, damu zao zimechanganyika tumboni mwake. Basi, anadai, tumeshaoana humo, wazazi wanune wasinune. Msichana hatumsikii akisema neno. Anamponda kiroboto kwa ukucha tu, na hata hilo jamaa analigeuza kuwa hoja. Ufundi wake naukubali. Maneno yake nisingeyabeba mlangoni kwa mtu, maana wazazi amewataja ili awapite.

Andrew Marvell, shairi lake lilichapwa 1681, anaanza kwa utamu mwingi: kama tungekuwa na muda, ningetumia miaka 100 kuyasifu macho yako, wewe ukiwa kando ya mto Ganges, India, na mimi huku kwenye mto Humber, Uingereza, nikilalamika. Halafu anageuka. Wakati unatukimbiza, kaburini funza ndio watakaokugusa. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, lakini mistari ni mitamu." Mitamu kweli. Ila mimi nimewahi kusimamia ndoa ya binti aliyeharakishwa kwa vitisho. Aliitikia kwa mdomo, na mwezi wa pili nikawa njiani kurudisha mahari.

Kasoro nyingine ni maelezo ya maneno ya kale, yameandikwa kwa herufi ndogo mno chini ya ukurasa. Nilivaa miwani na bado nikamwita mpwa anisomee.

Kwa bei hiyo, mwenye mtoto wa S.5 au S.6 akinunue, ila mhesabu kurasa pamoja na muuzaji kabla ya kulipa. Changu bado sijakikabidhi. Jumamosi nina posa Wobulenzi, upande wa bwana harusi, na nataka kulipitia jibu la yule msichana kabla sijapanda taksi.