Banished au Cities: Skylines, kwa laptopu yako ya Unguja

Kijana akiniuliza aanze na gemu gani la kujenga mji kati ya haya mawili, kwanza namuuliza ana kompyuta gani. Banished, la 2014, halifiki hata jigabaiti 1. Laptopu ya mtumba inalimudu. Cities: Skylines, la 2015 kutoka Finland, linataka mashine yenye nguvu, tena feni italia usiku kucha.

Banished limetengenezwa na mtu mmoja. Pesa humo hakuna: unapewa familia chache, msitu na mto, basi. Kuni zikikwisha watu wanakufa kwa baridi, jambo la kutisha kwetu sisi tunaotafuta shuka kipupwe tu kikiingia. Lakini utamu wenyewe uko kwenye nyumba. Usipojenga mpya, vijana wanabaki kwa wazazi wao, hawaoi, hawazai. Miaka inakwenda, unajiona umetulia, kumbe kijiji kimebaki na vikongwe. Mashamba hayana wakulima na ghala ni tupu.

Cities: Skylines ni kodi, barabara na foleni. Ukiweka pampu ya maji mbele ya bomba la maji machafu, mto unakoelekea, mji mzima unaugua. Anayeyatazama majumba ya Michenzani akajiuliza nani alipanga vile, atalipenda. Ila ukishaijua njia, pesa zinajaa na hofu inakwisha.

Mimi nachukua Banished. Hifadhi mchezo mara kwa mara tu, umeme haupigi hodi ukikatika.