Dirisha la dawa katika kliniki yetu ya ARV, Mombasa

Kila baada ya miezi mitatu huvuka feri kutoka Likoni kwenda kuchukua dawa za ARV, yaani za kudhibiti virusi vya UKIMWI, katika kliniki moja ya umma kisiwani. Foleni ni ndefu, lakini huwa naivumilia kwa ajili ya swali ambalo mfamasia wa hapo hakosi kuliuliza kabla ya kukabidhi chupa: “Na kando na hizi, unameza nini kingine?”

Mimi swali hilo lilinifaa sana. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikitafuna vidonge vya kiungulia, nilivyouziwa katika duka la dawa la mtaani bila kuulizwa lolote, wakati uleule wa kumeza kidonge changu chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mfamasia alinieleza kwamba magnesiamu na alumini zilizomo katika dawa nyingi za kiungulia hushikamana na dolutegraviri tumboni, isiingie vya kutosha katika damu. Kwa hiyo ARV imezwe angalau saa 2 kabla ya dawa hizo, au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vina masharti hayohayo, isipokuwa vikimezwa pamoja na ARV wakati wa chakula.

Hili la chuma nililisikia akielezwa mama mjamzito aliyenitangulia, na hapo ndipo ilipo lawama yangu: dirisha linatazamana na benchi la wanaosubiri, na siri ya mtu haipaswi kusikika hivyo.

Jambo jingine dogo lakini la maana. Nilizoea kumimina vidonge katika kikopo kingine, kwa sababu chupa hulia mkobani na watu hugeuka kutazama. Nilishauriwa niviache katika chupa yake, kifuniko kikazwe na kile kifuko cha kukausha unyevu kisitolewe, kwani hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, tena joto lisizidi nyuzi 30. Sasa chupa naifunga kwa leso, nayo hailii tena.

Ramadhani nayo hainipi taabu: kidonge ni kimoja kwa siku, uwe umekula au hujala, nami hukimeza usiku baada ya futari.

Nawapa nyota nne kwa tano. Ya tano nitaitoa siku mazungumzo hayo yatakapohamishiwa ndani ya chumba chenye mlango.