Kliniki ya mama na mtoto Moshi: kadi ni bure, glavu za kununua

Hii ni tathmini ya huduma ya msamaha wa malipo kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, katika kituo kimoja cha afya cha serikali mjini Moshi.

Hudhurio la kwanza ni zuri. Vipimo vya VVU, kaswende, wingi wa damu na mkojo hufanyika siku hiyohiyo bila malipo, na wauguzi huyaeleza majibu kwa upole ingawa foleni imefika nje. Wanastahili sifa.

Chumba cha kujifungulia ndicho kinachotusikitisha. Mama anaambiwa aje na glavu, pamba, mpira wa kutandika, nyembe na kibana kitovu. Kibaya zaidi, siku nyingine ndugu hutumwa dukani kununua oksitosini, sindano ya uniti 10 inayochomwa mara mtoto anapotoka ili kuzuia mama asivuje damu. Dawa hii hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa juani au kwenye pochi hupungua nguvu, na kwa macho huwezi kuitambua.

Wauguzi hawajaficha kitu. Oda ya Bohari ya Dawa ikija pungufu, kituo huziba pengo kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa kuuzia vituo, na fedha hutoka kwenye makusanyo ya papo kwa papo na michango ya CHF, mfuko wa afya ya jamii. Mama wa msamaha anatumia glavu zilezile lakini hakuna fedha inayorudi kwa ajili yake. Wakiongezeka wa msamaha, matumizi yanapanda na makusanyo yanabaki palepale. Uganda ilipofuta ada kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, wagonjwa walifurika, na dawa zilipokosekana maskini walizinunua madukani.

Msamaha usifutwe, kurudisha ada ni kuwarudisha akina mama kujifungulia nyumbani. Fidia ifuate idadi ya waliozalishwa, na kamati ya kituo ibandike ukutani kila mwezi vilivyopokelewa na vilivyoisha.

Kwa sasa, mimba ikifika wiki ya 36, muulize muuguzi kipi hakipo stoo, ununue hicho tu. Oksitosini usiiweke nyumbani. Ikibidi kuinunua, ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu, uifunge kwa kitambaa isigande, kisha uikabidhi moja kwa moja kwenye friji ya kituo.