Saa moja mbele ya ndama wa ndovu: tathmini ya mchoraji kuhusu ziara ya kituo cha Sheldrick, Nairobi

Wengi wetu tunaochora wanyama wachanga kwa ajili ya kuuza hufanya kazi hiyo kwa kutazama picha za intaneti, na ndiyo sababu ndama wa ndovu wanaotundikwa katika vyumba vya watoto hufanana wote: jicho kubwa la mviringo, shavu lililojaa, mkonga ulioinuliwa kwa furaha. Kwa mtu wa kazi hii, ziara ya kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick Wildlife Trust, kilichomo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ina manufaa kuliko somo lolote la uchoraji wa wanyama ninalolijua mjini. Ninaipendekeza kwa moyo wote, ingawa imezidisha mashaka niliyo nayo kuhusu kazi inayonilisha.

Wageni hupokewa kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na ni lazima kuweka nafasi mapema. Husimama nyuma ya kamba, huku walezi waliovaa makoti ya kijani wakiwaleta ndama kwa makundi ili wanyweshwe maziwa kwa chupa, wagaagae katika matope na kucheza na matawi. Mlezi mmoja huwataja kwa majina na kueleza kila mmoja alipatikana wapi na aliachwaje bila mama. Mpango ni mzuri, maelezo ni ya wazi, na hakuna anayekuharakisha ukitaka kusimama mahali pamoja na daftari lako.

Kinachomfaa mchoraji hapo ni kwamba karibu kila alichozoea kukichora kinakanushwa na mnyama mwenyewe. Jicho la ndama wa ndovu ni dogo mno ukililinganisha na kichwa, limezama katika mikunjo ya ngozi, na uzuri wake umo katika kope ndefu zilizonyooka kuelekea chini. Kichwani na mgongoni ana nywele za rangi ya kutu ambazo huonekana vizuri akisimama kati yako na jua. Ngozi ya magotini humpwaya, na sikio ni jembamba kiasi kwamba mwanga ukipita nyuma yake mishipa hujitokeza. Mkonga, ambao sisi huuchora kama chombo cha ustadi, kwa ndama mdogo ni kitu asichokimudu bado: anautupa huku na huku, na anapokunywa maziwa huuinua pembeni kwa sababu hunywa kwa mdomo. Tena si kitu chepesi cha kupakatwa. Ndama huzaliwa akiwa na uzito wa kilo 100 hivi, na miguu yake huonyesha uzito huo kwa namna anavyoikanyaga ardhi. Hata rangi ya kijivu tunayoitegemea haimo, kwani baada ya kuoga matope anabeba rangi ya udongo wa mahali pale, na mchanganyiko wa kahawia na bluu uliozimuliwa sana hukaribia ukweli kuliko kijivu cha tyubu.

Hapo ndipo mashaka yangu yanapoanzia. Mtaalamu wa tabia za wanyama Konrad Lorenz alieleza mwaka 1943 kwamba paji pana, macho makubwa na mashavu ya mviringo huamsha kwa binadamu hamu ya kulea, na soko la picha linathibitisha hilo kila mwisho wa juma. Picha yenye jicho lililokuzwa hununuliwa upesi, ilhali picha yenye jicho la kweli hutazamwa kwa heshima na kurudishwa mezani. Ninaupenda upole wa ndama na siuonei haya, kwa kuwa ni upole uliopo kweli. Ninachosita kukifanya ni kuuongezea sukari hadi mnyama mwenyewe atoweke, abaki mwanasesere aliyevaa masikio ya ndovu.

Shaka hiyo huwa nzito zaidi mlezi anapoanza kusimulia. Huyu mama yake aliuawa kwa ajili ya pembe, yule alitumbukia kisimani, mwingine aliokotwa wakati wa ukame akiwa hana nguvu za kusimama. Katika mbuga hiyohiyo, mwezi Aprili mwaka 2016, serikali ya Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu. Ninaposikia hayo huku penseli yangu ikiufuatisha mstari wa tumbo la mviringo, siwezi kudai kwamba ninachora furaha tupu.

Hata hivyo sikubaliani na wenzangu wanaodharau picha za aina hii kuwa ni vitu vya watalii. Daphne Sheldrick, aliyeanzisha shirika hili mwaka 1977, alihangaika kwa miaka mingi kabla ya kupata maziwa yanayowafaa ndama, na mafuta ya nazi ndiyo yaliyoleta mafanikio. Walezi hulala na ndama usiku, na hupokezana ili ndama asimzoee mtu mmoja peke yake. Gharama ya kazi hiyo hulipwa kwa sehemu na watu wanaofadhili ndama mmoja mmoja, nao hutumiwa taarifa kila mwezi pamoja na mchoro wa rangi ya maji wa Angela Sheldrick, binti wa Daphne. Kwa hiyo picha ya mnyama mchanga inaweza kununua maziwa, na sitaki kuidharau hata kidogo.

Kama huduma, kasoro zake kwa mchoraji ni chache. Saa moja ni fupi, watu huwa wengi, na jua la mchana huufuta uvuli ubavuni mwa ndama. Chagua miezi ya baridi, Julai au Agosti, wakati mawingu husawazisha mwanga na ndama wadogo huvishwa blanketi ambazo mikunjo yake ni zoezi zuri. Wahi ili upate nafasi kwenye kamba karibu na matope, chukua daftari dogo lenye jalada gumu na penseli laini, kisha acha rangi nyumbani, kwa sababu ndama hawatulii hata kwa muda wa kuchanganya rangi moja.