Ledger Nano S Plus: flashi ya kutunzia sarafu za kidijitali

Kwa anayetunza Bitcoin muda mrefu, kifaa hiki ni salama kuliko kuiacha sokoni mtandaoni. Hakina betri wala Bluetooth. Kinachomekwa kwa waya wa USB-C. Funguo za siri (namba zinazoruhusu kutumia sarafu zako) hukaa ndani ya chipu, na kila muamala huthibitishwa kwa kubonyeza vitufe vyake viwili kwa pamoja.

Ukikiwasha mara ya kwanza unachagua PIN ya tarakimu 4 hadi 8, kisha kinakuonyesha maneno 24. Yaandike kwa kalamu, kwa mpangilio uleule, usiyapige picha. Ukikosea PIN mara tatu kifaa kinajifuta, na maneno hayo ndiyo yanayorudisha mali. Boksi likifika na maneno yameshaandikwa, usikitumie: aliyeyaandika anasubiri uweke pesa. Cha mtumba nacho hakifai, hata kikiuzwa bei ya kutupa.

Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja, na baadaye wengine wakatumiwa vifaa bandia majumbani. Yeyote anayekuomba maneno 24, hata akijiita huduma kwa wateja, ni tapeli.

Kasoro yake ni kioo kidogo, kwa hiyo kuhakiki anwani ndefu ya kupokelea sarafu kunachosha. Ihakiki yote hata hivyo, maana kuna virusi vya kompyuta vinavyobadilisha anwani uliyonakili. Kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, angalia na mtandao inaopitia: anwani za Tron huanza na T, za Ethereum na 0x. Tuma kiasi kidogo kwanza.

Mwenye sarafu za dola 30, sioni akinunue cha nini.