Modeli ya Lamborghini Miura 1:18, nimekaa nayo miezi miwili

Wakuu, hii modeli (kigari cha mfano cha Miura, gari ya michezo ya Italia, kimepunguzwa mara 18) niliagiza kupitia dogo mmoja wa Kariakoo, mpaka inafika Dodoma imenitoka laki mbili na themanini na sijutii hata kidogo, ila kuna sehemu moja imeniuma nitaisema.

Kwanza shepu, maana kwa Miura ukikosea shepu umekosea kila kitu. Gari yenyewe ilionyeshwa Geneva 1966, injini ya silinda 12 wameiweka kwa upana nyuma ya siti, ndo maana ikawa fupi na mgongo ukashuka vile. Kwenye modeli bodi yote ya nyuma inafunguka kwa mkupuo kama ya ukweli, injini unaiona imelala na nyaya za plagi zipo. Ukifungua milango yote miwili ukaitazama kwa mbele unaona kabisa pembe za dume la ng'ombe, na jina lenyewe ni la mfugaji wa Hispania wa wale madume ya kupigana.

Jumapili nikaibeba kijiweni Area C, kahawa zikapoa. Fundi bodi wetu alipitisha kidole gumba toka fenda ya mbele, mlangoni, mpaka pale nyonga inapopanda juu ya tairi la nyuma, akarudia mara tatu, akasema hii laini ikigongwa hapa puti ya kujazia hairudishi, itapigwa upya kwa nyundo. Kwangu mtengenezaji kapasi hapo, kama mkono wa fundi haukukwama basi shepu iko sawa.

Mwingine akaja na hoja ya Alfa Romeo 33 Stradale, gari nyingine ya Italia ya enzi hizo, kazi ya mchoraji Franco Scaglione, zilitengenezwa 18 tu, anasema ile ndo imetulia, Miura ina makeke. Nakataa. 33 ni nzuri mno ila imeviringika kila mahali, jicho halina pa kushika, Miura ina mviringo halafu ina ule ukali pale mlango unapokutana na luva, vile vipande vyembamba vya kupitisha hewa. Na Gandini mwenyewe, aliyeichora Miura akiwa Bertone, kampuni ya Italia ya kuchora bodi za magari, 1968 alichukua shasi ya hiyohiyo 33 akaifanya Carabo, gari ya maonyesho, kabari tupu! Dogo wa UDOM akabisha kwamba Miura ni ya Giugiaro, mchoraji mwingine wa Italia, ubishi wa siku nyingi huo, wote wamezaliwa Agosti 1938 na Gandini ndo alishika kiti Giugiaro alipoondoka Bertone 1965. Mimi nipo na Gandini, shasi ilionyeshwa Turin mwishoni mwa 1965 ikiwa uchi, bodi ikaja baadaye, Giugiaro keshaondoka.

Sasa kilichoniuma, kope. Zile kope nyeusi za taa, yaani vile vipande vyembamba juu na chini ya taa za mbele, ndo uso wa Miura, na hapa wamezipaka rangi tu, hazijachongwa, ukisogeza jicho karibu unaona wino umevuka mstari upande wa kushoto. Kwa bei hii hapana jamani. Kama kope sio kitu kwako tafuta ya SV ya 1971, toleo la baadaye la Miura, ile haina kope kabisa.

Halafu vumbi letu hili la Dodoma linaingia kwenye luva za kioo cha nyuma, kitambaa hakifiki, natumia brashi ndogo ya kuchorea, na juzi nimempa fundi aluminiamu vipimo anitengenezee kiboksi cha kioo, modeli ina urefu wa kama sentimita 24 hivyo na nyie mkitengenezesha mwambieni fundi aache nafasi ya milango kufunguka.